Usiku Ambao Rani Hakusikilizwa

Mwenyekiti, walimu wenzangu, mama zangu, wazee wangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango ili mponyoke mkichoka: asalaam alaykum na habari za jioni. Mlango mmeuona, na mimi nimewaona.

Nimeombwa nizungumze juu ya mwanamke shujaa wa zamani. Aliyeniomba alidhani nitamleta mmoja wa huku kwetu, na wapo wa kutosha. Mimi nimevuka bahari. Nimemchagua Rani Durgavati, binti wa ukoo wa Chandel aliyeolewa kwa Wagond, akatawala kwa niaba ya mwanawe karibu miaka 14, na akafa tarehe 24 Juni 1564 juu ya ndovu, kwenye bonde la Narrai katikati ya India. Neno rani ni malkia, kwa hiyo nikisema Rani mjue ni yeye.

Wanaomfahamu humfahamu kwa jambo moja, nalo ni jambia. Masimulizi yote hukimbilia hapo: mishale miwili, damu, jambia, basi. Watu hutokwa machozi kisha huenda zao. Nimefundisha historia miaka mingi, na nimeona jinsi tunavyopenda kumhesabia mwanamke ushujaa wake kwa namna alivyokufa. Mwanamume tunamuuliza alijenga nini, alipigana na nani, alimshauri nani. Mwanamke tunamuuliza alikufaje. Jioni hii nataka niwapeleke usiku mmoja nyuma ya lile jambia, kwenye baraza la watu waliochoka, ambapo Rani alisema neno moja na hakuna aliyemkubalia. Tutafika. Kwanza mjue ametoka wapi.

Chandel ni ukoo wa Rajput, yaani wa zile koo za kifalme na za kivita za kaskazini mwa India. Kama mmewahi kuona picha za mahekalu ya Khajuraho, yale ya mawe yaliyochongwa watu na miungu kuanzia chini mpaka juu, mmeona kazi ya mababu wa Durgavati. Mengi yalijengwa kati ya mwaka 950 na 1050 hivi. Walikuwa na ngome yao, Kalinjar, juu ya mlima wenye kilele bapa. Mahmud wa Ghazni, ambaye miji mikubwa ilimwangukia miguuni, aliizingira Kalinjar mwaka 1022 na akaondoka kwa mapatano. Lakini mwanzoni mwa karne ya 13 majeshi ya Delhi yaliitwaa, na tangu hapo Chandel wakawa kama zile nyumba tunazozijua sisi sote: jina linatangulia mlangoni, chakula kinachelewa mezani.

Katika nyumba hiyo ndimo alimozaliwa Durgavati. Tarehe inayoadhimishwa ni 5 Oktoba 1524, na inasemekana ilikuwa siku ya sikukuu ya Durga, mungu wa kike wa vita anayempanda simba, ndipo akapewa jina hilo. Alikulia kwenye upanda farasi, upinde na bunduki. Msishangae kusikia bunduki. Karne ya 16 baruti ilikuwa imeenea India nzima. Kalinjar hiyohiyo, mwezi Mei 1545, ilimwua Sher Shah, mtawala wa Delhi, bila ukuta kuinua mkono. Alikuwa akiizingira, kombora la watu wake likagonga ukuta, likarudi, likaangukia shehena ya baruti aliposimama yeye. Ngome ilitwaliwa siku hiyo, na Sher Shah akafa kwa majeraha ya moto.

Sasa upande wa pili, kwa wakwe.

Wagond ni watu wa misitu na vilima, kandokando ya mto Narmada na safu ya Satpura. Lugha yao, Kigondi, haina undugu na Kihindi. Jamaa zake ni Kitamil na Kitelugu za kusini. Nchi yao iliitwa Gondwana. Vijana wa jiografia wameanza kunyanyua vichwa, naam, ni Gondwana hiyohiyo. Wanajiolojia wa karne ya 19 walichukua jina la nchi ya Wagond wakalipa bara la kale lililokuwa limeunganisha India, Afrika, Amerika ya Kusini, Australia na Antaktika. Kwa hiyo mwamba uliopo chini ya jengo hili una jina la ukoo wa mume wa Durgavati. Nilisema nimevuka bahari, kumbe sikwenda mbali.

Mfalme wao mkubwa alikuwa Sangram Shah. Husimuliwa kuwa alikuwa na ngome 52, na kila ngome ilikuwa na mkuu wake, vijiji vyake na askari wake. Hesabu hiyo ya ngome naomba mwiweke kichwani, maana ndiyo itakayotupa jibu baadaye. Mwanawe Sangram aliitwa Dalpat Shah. Mwaka 1542 Durgavati akaozwa kwa Dalpat.

Ilikuwa ndoa ya kunong'onewa. Koo za Rajput zilijiona juu, na Wagond walionekana watu wa msituni. Abul Fazl, mwandishi wa Akbar, mfalme wa dola kubwa ya Wamughal iliyotawala kaskazini mwa India, ameandika wazi kwamba baba wa binti alikubali kwa sababu hali yake ilikuwa imeharibika, la sivyo asingetoa binti kwa watu wasio wa daraja lake. Ndivyo wanaume walivyoiona. Binti mwenyewe hakuna aliyemwuliza, au kama aliulizwa hakuna aliyeandika. Tunalolijua ni lile alilolifanya. Alikwenda kwa watu hao waliodharauliwa kwao, akakaa nao kama wake, na hakuna mahali popote panapoonyesha kwamba alirudi kutafuta hifadhi ya jina la Chandel.

Huyu Abul Fazl nitamtaja mara nyingi, kwa hiyo mniruhusu nimtambulishe. Mwaka Rani alipokufa yeye alikuwa mtoto wa miaka 13. Aliandika kitabu chake cha Akbarnama baadaye sana, miaka ya 1590, akiwa mtumishi na rafiki wa mfalme ambaye jeshi lake ndilo lililomwangamiza Rani. Sehemu kubwa ya tunayoyajua imetoka kwenye kalamu ya adui. Na kalamu hiyo, katikati ya kumsifu Akbar kwa kila sifa iliyopo, inapofika kwa Durgavati inapunguza mwendo, kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Mwaka 1545 Rani alijifungua mtoto wa kiume, Vir Narayan. Mtoto alipofika miaka mitano hivi, Dalpat Shah akafariki.

Hapa naomba tusimame. Katika mila za koo za Rajput, mjane wa mtawala alikuwa na njia moja iliyosifiwa kuliko zote: kuingia motoni pamoja na maiti ya mumewe. Hiyo ndiyo iliyoimbwa. Durgavati alikuwa na miaka ishirini na kitu, mjane, mtu wa kuja katika nchi ya Wagond, ana mtoto mdogo na ngome 52 za watu wazima wenye silaha. Akachagua kuishi. Akamweka mtoto kitini, akashika hatamu yeye, na mawaziri wawili, Adhar Kayastha na Man Brahman. Sijawahi kusikia mtu akiusimulia uamuzi huo kwa sauti ya kutetemeka kama wanavyosimulia jambia. Mimi naona hilo ndilo tendo lake la kwanza la vita.

Alitawala vipi? Makao alihamishia Chauragarh, ngome iliyoko kwenye vilima vya Satpura, mahali pagumu kufikika. Jeshi lake Abul Fazl analitaja kuwa wapanda farasi 20,000 na ndovu 1,000. Hata ukimpunguzia mwandishi huyo chumvi yake, ni dola kubwa. Baz Bahadur, sultani wa Malwa aliyekuwa jirani yake upande wa magharibi, yule mwanamuziki anayeimbwa mpaka leo kwa mapenzi yake na Rupmati, alimvamia akidhani amepata mjane. Alipigwa akarudi kwao. Kuimba aliweza.

Lakini kinachonivutia zaidi ni maji. Nchi ile mvua hunyesha kwa fujo kuanzia Juni mpaka Septemba, halafu mbingu inafunga na ardhi inakauka mpaka inapasuka. Anayetaka watu wake waishi na walime lazima ayakamate maji yakiwa yanapita. Pale ulipo mji wa Jabalpur leo kuna majina matatu: Ranital, Cherital, Adhartal. Neno tal ni bwawa, la kuchimbwa. Ranital ni bwawa la Rani. Adhartal ni la Adhar, yule waziri. Na Cherital? Cheri ni mjakazi. Husimuliwa kwamba mjakazi wa Rani naye alichimbisha bwawa lake. Malkia, waziri na mjakazi, kila mmoja na bwawa, na kila bwawa na jina la mwenyewe. Adhartal siku hizi ni mtaa wenye kituo cha treni. Watu hukata tiketi, hushuka na mizigo yao, hutamka jina la waziri wa mwaka 1550 bila hata kufikiri. Mimi ningekuwa waziri ningependa nikumbukwe hivyo kuliko kwa sanamu.

Na alikuwa mwindaji. Abul Fazl anasema alilenga shabaha kwa bunduki na kwa mshale, na kwamba ilikuwa desturi yake akisikia chui milia ameonekana mahali, hanywi maji mpaka amemwua. Leo tusingemsifu kwa hilo, chui milia wamebaki wachache. Lakini wakati ule chui milia kijijini ilikuwa ng'ombe kupotea na mtoto kutorudi kutoka kisimani. Fikirini mwanakijiji anafika kwa malkia kuripoti mnyama, na malkia anasukuma kando kikombe cha maji kilichokuwa mkononi, anauliza njia.

Sasa twende kwa Wamughal.

Akbar alizaliwa mwaka 1542, mwaka uleule Durgavati alioolewa. Mwaka 1562 alikuwa ameshaimeza Malwa yote, na Baz Bahadur akawa mkimbizi. Mpaka wa dola kubwa ukagusa mpaka wa Rani. Watu wa huko wana ngano moja: eti Akbar alimpelekea Rani gurudumu la kusokotea nyuzi lililotengenezwa kwa dhahabu, maana yake mwanamke kazi yake kusokota; naye Rani akamrudishia upinde wa kuchambulia pamba, wa dhahabu vilevile, maana yake basi na wewe kachambue. Ni ngano, lakini imetungwa na watu waliomjua mtu wao.

Aliyemvamia hakuwa Akbar mwenyewe. Alikuwa Khwaja Abdul Majid, mwenye cheo cha Asaf Khan, mkuu wa jimbo la Kara huko kwenye mto Ganga. Mtu wa kalamu huyu, karani aliyepanda akawa jemadari, na nadhani alikuwa na njaa ya karani aliyepanda. Kwanza alipeleka wapelelezi na wafanyabiashara wajanja kuchungulia mapato na hazina ya Rani. Kisha akaanza kupora vijiji vya mpakani. Kisha, mwaka 1564, akaja na wapanda farasi 10,000.

Nawaomba msiifanye vita hii ya dini. Mwaka uleule wa 1564 Akbar alifuta jizya, kodi waliyotozwa wasio Waislamu. Na katika safu za Rani walikuwemo makamanda Waislamu, Shams Khan Miyana na Mubarak Khan Biluch, na Abul Fazl mwenyewe anakiri kwamba walipigana kiume upande wa Rani. Kilicholetwa na Asaf Khan pale ni tamaa ya mali, na tamaa haina madhehebu.

Habari zilipofika kwamba Asaf Khan yuko Damoh, ndani ya nchi ya Rani, jeshi la Rani lilitawanyika. Sasa ile hesabu ya ngome 52 inafanya kazi. Wapanda farasi 20,000 hawakuwa wamekaa kambini wakila mshahara wa Rani. Walikuwa watu wa wakuu wa ngome, wamekaa kwao, wanaitwa vita inapokuja. Dola inapoingiliwa kwa ghafula, kila mmoja anawaza nyumba yake kwanza, wanawe, mifugo yake. Rani akabaki na watu wasiozidi 500.

Adhar akamwendea, akamweleza hali ilivyo, kwamba jeshi hakuna, yafaa kusubiri likusanyike. Rani alimjibu kwa ukali. Kwa mujibu wa Abul Fazl alimwambia waziri kwamba kutawanyika huko ni matokeo ya uzembe wake yeye Adhar. Akasema kwamba ametawala nchi hii miaka yote hiyo, atakimbiaje leo. Kisha akasema jambo linalonichekesha na kuninyamazisha kwa wakati mmoja: angekuja mfalme mwenyewe, ingekuwa vyema nikamwamkie, lakini huyu aliyekuja anajua nini kuhusu cheo cha malkia? Hakumkataa Akbar, mnaona. Alikataa kupiga magoti mbele ya karani.

Lakini hasira yake haikumfanya mjinga. Hakutoka uwandani na watu 500. Aliondoka akaenda Narrai, bonde lililozungukwa na milima, mto Gaur mbele, Narmada upande mwingine, na njia ya kuingilia ni mwanya mwembamba. Pale wachache wanatosha. Watu wake wakaanza kurudi, mmojammoja kisha kwa makundi.

Siku ya kwanza Wamughal walifika wakaushika mdomo wa mwanya, na Arjun Das Bais, mkuu wa ndovu wa Rani, akauawa akiutetea. Rani akavaa deraya na kofia ya chuma, akapanda. Watu walitaka kurukia vita palepale, wamlipie Arjun Das. Akawazuia. Aliwaambia wasiharakishe, wamwache adui aingie ndani ya bonde kwanza, ndipo wamwangukie kutoka kila upande. Na ndivyo ilivyokuwa. Wamughal wakaingia, bonde likajifunga. Abul Fazl anahesabu wapiganaji 300 wa Wamughal waliokufa pale, na waliosalia wakakimbizwa mpaka nje ya mwanya, Rani akiwafuata nyuma.

Jua likatua. Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha.

Rani akawaita wakuu wake. Akawauliza wanaonaje, kila mtu akasema lake. Kisha naye akasema lake: tuwavamie usiku huuhuu. Sababu aliitoa. Asipovamiwa leo, kesho asubuhi Asaf Khan atakuja mwenyewe, ataushika ule mwanya na kuuimarisha kwa mizinga. Kazi iliyo rahisi usiku huu, kesho itakuwa ngumu.

Ipimeni hoja hiyo kama mnavyopima hoja ya jemadari yeyote. Mizinga ya zama zile ni mizito, hukokotwa na ng'ombe, huchelewa nyuma ya farasi. Kwa hiyo usiku ule ilikuwa bado haijafika. Adui ametoka kupigwa, hana uhakika, hajui vichaka vya pale. Watu wa Rani wanalijua kila jiwe. Tofauti kubwa kati ya majeshi mawili yale ilikuwa mizinga, na Rani alitaka vita viishe kabla ya mizinga kuingia vitani. Sijui mwalimu wa chuo cha kijeshi angekuwa na la kuongeza.

Hakuna aliyekubali. Abul Fazl hatuambii kwa nini, lakini mimi naziona nyuso zao. Wamepigana mchana kutwa, nguo zimeganda jasho. Maiti za ndugu zao zimelazwa zinangoja kuchomwa kwa heshima. Huenda kuna waliosema kuvamia watu waliolala si ungwana. Huenda kuna waliosema tumeshinda, tatizo liko wapi. Na huenda, tukubali, kuna waliofikiri kwamba mwanamke amelewa ushindi.

Kwa nini hakuwaamrisha? Yeye si ndiye Rani? Rudini kwenye zile ngome 52. Askari pale hawakuwa wake, walikuwa wa wakuu waliokaa mbele yake, na mkuu akisema watu wangu wamechoka, watu wake wamechoka. Rani angeweza kuwashawishi tu, na usiku ule ushawishi uligonga mwamba. Sasa tazameni alichofanya baada ya kukataliwa. Hakuondoka kwa hasira, hakutoa laana. Abul Fazl anasema alirudi, akawapa pole waliofiwa.

Mtu aliyekwisha kuona kifo chake mwenyewe kikija saa ya alfajiri, na aliyeambiwa na watu wake kwamba hawatakizuia, alitumia usiku huo kukaa na mayatima. Mimi hapo ndipo ninapotokwa machozi, si kwenye jambia.

Asubuhi Asaf Khan akaja na mizinga, akaushika mwanya. Ikawa neno kwa neno kama alivyosema.

Siku hiyo Rani alimpanda Sarman, ndovu aliyekuwa bora kuliko wote aliokuwa nao. Adhar alikaa mbele yake shingoni mwa ndovu, akiwa ndiye mwendeshaji. Waziri yuleyule aliyekemewa Damoh. Vir Narayan, kijana wa miaka kama 19, aliongoza mashambulizi, na mara tatu Wamughal walirudishwa nyuma. Mara ya tatu kijana akajeruhiwa. Rani aliposikia, akaagiza atolewe vitani apelekwe mahali pa salama. Mkimtoa mwana wa mfalme, lazima atoke na walinzi. Na walinzi wakitoka, wengine nao hugeuza shingo. Walipokwisha kuondoka, Rani alibaki na watu 300. Alijua itakuwa hivyo, na bado alimtoa mwanawe.

Mshale ukamchoma kwenye paji, upande wa kulia. Aliung'oa akautupa, lakini kichwa cha mshale kilibaki ndani. Ukaja wa pili, shingoni. Akaung'oa na huo. Akazimia. Alipozinduka alimwambia Adhar kwamba leo anamhitaji kwa kazi moja, amchome kwa jambia asije akatekwa. Adhar akasema mkono uliopokea hisani yake hauwezi, ila ndovu huyu ana mbio, atamtoa pale. Rani akamkemea tena, mara ya mwisho. Akatoa jambia lake mwenyewe.

Yaliyobaki nitayapitisha haraka, yananichosha. Miezi miwili baadaye Asaf Khan aliifikia Chauragarh. Vir Narayan alitoka kupigana akauawa. Ndani ya ngome wanawake walikuwa wamewashiwa moto wa kujichoma ili wasitekwe, na nyumba ile ilipofunguliwa siku chache baadaye walikutwa wawili hai, wamekingwa na gogo kubwa. Mmoja alikuwa Kamlavati, dada yake Rani. Mwingine binti aliyekuwa amechumbiwa na Vir Narayan. Walipelekwa kwa Akbar. Ndovu walionaswa walikuwa 1,000. Asaf Khan alimpelekea mfalme 200, wengine akawa hana habari nao. Mitungi ya dhahabu aliyoipora ngomeni nayo hakuitaja. Haukupita muda mrefu akaanza kuulizwa hesabu, na karani wetu akakimbia.

Ukoo haukuisha. Mwaka 1567 Chandra Shah, ndugu wa Dalpat, alikubaliwa kuwa raja, yaani mfalme, kwa kuzitoa ngome kumi kwa Akbar, na kizazi hicho kiliendelea kutawala hadi miaka ya 1780. Na hata baada ya hapo: tarehe 18 Septemba 1857 pale Jabalpur, Waingereza walimfunga Shankar Shah, mzee wa ukoo huohuo, pamoja na mwanawe Raghunath Shah, kwenye midomo ya mizinga, wakailipua. Mizinga tena.

Leo chuo kikuu cha Jabalpur kina jina la Rani tangu 1983. Serikali ya India ilitoa stempu yake tarehe 24 Juni 1988. Mnamo Oktoba 2024 ilitimia miaka 500 tangu kuzaliwa kwake, zikasomwa hotuba, na bila shaka jambia halikusahauliwa.

Kaburi lake liko palepale, njiani, kwenye vilima karibu na Jabalpur. Sehemu hizo zina vijiwe vyeupe vya kung'aa, kama vioo. Afisa mmoja wa Kiingereza aliyepita huko katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 aliandika kwamba kila msafiri aliyepita pale alitafuta kijiwe kizuri kuliko vyote alivyoviona njiani, akakiweka juu ya kaburi, akaendelea na safari. Karibu na kaburi kuna miamba miwili mikubwa ya mviringo. Wenyeji walimwambia hizo ni ngoma za Rani zilizogeuka mawe. Mchana zimenyamaza. Usiku wa manane zinasikika zikilia msituni, zinawaita askari waamke.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Nawaona vijana bado mpo.